Somo la Moodle Linalomfikia Kila Mwanachuo: Hatua Saba kwa Mkufunzi

Vyuo vingi siku hizi vina jukwaa la kujifunzia mtandaoni, lakini ukifungua kurasa za masomo mara nyingi unakuta rundo la PDF. Notisi za muhula mzima zimepakiwa siku moja, basi. Mwanachuo akizisoma au asizisome, hakuna anayejua mpaka matokeo yatoke, na hapo mambo yameshaharibika.

Jukwaa linamsaidia mwanafunzi pale linapomwezesha mkufunzi kuona mapema nani anabaki nyuma, ili amfuate wakati bado kuna la kufanya. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hilo.

Mwongozo huu unatumia Moodle, programu ya Martin Dougiamas wa Australia ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Haina ada ya leseni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyoitumia. Kama chuo chako kina jukwaa jingine, fuata mpangilio huuhuu.

Hatua ya 1: Wajue wanafunzi wako kwanza

Katika kipindi cha kwanza, pitisha karatasi yenye maswali manne. Una simu janja yako mwenyewe, au unaazima? Unanunua bando la siku, la wiki au la mwezi? Unapoishi kuna umeme wa uhakika? Umewahi kuingia kwenye mfumo wowote kwa neno la siri? Majibu hayo ndiyo yatakayokuongoza kuhusu ukubwa wa faili na muda wa kukusanya kazi. Anayeazima simu ya dada yake usiku hawezi kukamilisha jaribio linalofunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa tisa.

Hatua ya 2: Panga somo kwa wiki

Kila wiki iwe na sehemu tatu, kwa mpangilio uleule muhula mzima: cha kusoma, cha kufanya, na pa kuuliza. Juu ya kila wiki andika sentensi mbili za kueleza mwanafunzi atakuwa anaweza kufanya nini akimaliza. Kisha washa kipengele cha kufuatilia ukamilishaji, ili kila kazi iliyofanyika iwekewe alama ya vema. Mwanafunzi anaona alipofika, na wewe unaona alipokwama.

Hatua ya 3: Punguza uzito wa faili

Hapa ndipo wengi wanapowapoteza wanafunzi bila kujua. Video ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ina uzito wa takriban MB 75. Maelezo hayohayo ukiyarekodi kwa sauti tu, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hayafiki MB 3. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, tofauti hiyo inaamua kama atasoma leo au atasubiri.

Kwa hiyo weka sauti pamoja na kurasa mbili za maandishi, na video uiache kwa jambo ambalo lazima lionekane kwa macho, kama kufunga kidonda au kuunganisha nyaya. Notisi zichapwe upya. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu huwa nzito, na kwenye kioo kidogo hazisomeki.

Hatua ya 4: Tunga majaribio yanayofundisha

Maswali matano kila wiki yanatosha. Ruhusu kurudia, na uchague alama ya juu ndiyo ihesabiwe. Kazi kubwa iko kwenye maoni unayoandika chini ya kila jibu lisilo sahihi. Chukua swali hili la utunzaji wa vitabu: "Mama Rehema amenunua magunia ya mchele kwa mkopo kutoka kwa Juma. Akaunti ipi inaingizwa upande wa krediti?" Atakayechagua akaunti ya fedha taslimu asiambiwe tu kuwa amekosa. Mwandikie: "Soma tena maneno 'kwa mkopo'. Je, kuna shilingi yoyote iliyotoka siku hiyo? Basi Mama Rehema anadaiwa na nani?" Swali hilo linamrudisha kwenye kufikiri, hata kama ni saa sita usiku na wewe umelala.

Hatua ya 5: Wafundishe kulitumia jukwaa

Tenga kipindi kizima kwenye maabara ya kompyuta. Kila mmoja aingie, abadilishe neno la siri, afungue wiki ya kwanza na kutuma zoezi la majaribio. Waonyeshe programu ya Moodle ya simu, ambayo inawawezesha kupakua masomo wakiwa chuoni na kuyasoma nyumbani bila intaneti. Kabla ya kipindi hicho, ingia wewe mwenyewe kwa kutumia simu ya kawaida na bando la kawaida, uone kinachokwama.

Hatua ya 6: Kila Ijumaa, fungua orodha

Ukurasa wa washiriki unaonyesha kila mmoja aliingia lini mara ya mwisho. Chagua walio kimya kwa siku saba, kisha umwandikie kila mmoja faragha, kamwe si kwenye kikundi cha darasa: "Neema, habari za leo? Naona bado hujafungua mada ya pili. Shida ni simu, bando, au mada yenyewe ni ngumu? Nijibu hata kwa ujumbe mfupi." Usianze kwa kumlaumu. Anayeulizwa kwa upole husema ukweli, na mara nyingi tatizo lenyewe linatatulika: nakala iliyochapishwa, zamu ya maabara, au nusu saa ofisini kwako.

Hatua ya 7: Wasio na intaneti wasiachwe

Mahali ambapo mtandao haufiki, kuna Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwenye kompyuta moja, na wanafunzi wanajiunga nayo kwa Wi-Fi ya humohumo darasani bila bando. Inaweza pia kutumika kwa Kiswahili. Kwa mwenye simu ya kitochi, tarehe na maelekezo yaende kwa ujumbe mfupi kupitia kiongozi wa darasa.

Usijaribu kujenga somo lote kwa muhula mmoja. Anza na mada ile ambayo wanafunzi hufeli kila mwaka, uipitishe kwenye hatua hizi zote, kisha ulinganishe alama zake na za mwaka uliopita. Zikipanda, una sababu ya kuendelea na mada ya pili. Zisipopanda, rudi kwenye orodha ya Ijumaa uwaulize wanafunzi wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua palipokwama.