Nimfiche binti yangu, au nimwachie Mungu?

*Shikamoo Shangazi. Naishi Kerende. Binti yangu amemaliza darasa la saba na Desemba ndiyo hiyo inakuja. Mama mkwe ameshasema mwaka huu mjukuu wake hatabaki msagane, yaani msichana asiyekeketwa, na baba zake wadogo wanamuunga mkono. Mume wangu ananyamaza tu. Mimi nimeokoka, sitaki mwanangu akeketwe. Nilitaka kumpeleka Masanga kwenye kituo cha masista mpaka ngoma za ukeketaji ziishe, lakini mwenzangu wa kikundi cha maombi anasema nikimkimbiza mtoto nimeonyesha simwamini Mungu. Nifunge na kuomba, Yeye atamlinda. Tena naogopa laana ya wazee wa mila. Nifanye nini?*
*Mama, Kerende*

Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Mpeleke kabla ngoma hazijaanza kupita barabarani, na kufunga na kuomba uendelee nako akiwa ameshafika.

Mwenzako anakutakia mema, lakini amekutwisha mzigo ambao Biblia haikuwatwisha wazazi. Mama yake Musa alimficha mwanawe miezi mitatu, kisha akamtengenezea kisafina, na dada mtu akasimama kando ya mto kuangalia. Yusufu aliambiwa na malaika aondoke usiku na mtoto, akimbilie Misri. Malaika huyo angeweza kuwapofusha askari wa Herode. Usiku ule ulinzi wa Mungu ulikuwa safari.

Hata huku kwetu yapo. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa tarehe 16 mwezi huohuo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alipoonywa kwamba sasa ni zamu yake, alivuka milima usiku kwa miguu na mkewe Mera hadi Rwanda. Maaskofu hao wote wawili walikuwa watu wa uamsho. Nani atasema Kivengere hakuwa na imani? Na nani atasema Luwum aliachwa na Mungu? Ndiyo maana sikuahidi kwamba ukiomba hakuna baya litakalokupata. Lakini angalia jambo moja: Luwum alijitoa yeye mwenyewe. Wewe unaambiwa uijaribu imani yako kwa mwili wa mtoto. Hapo nakataa kabisa.

Imani yako wewe ina kazi nyingine, nayo ni ngumu. Zungumza na mumeo mkiwa wawili. Kunyamaza kwake huenda ni hofu ya kuchekwa na wadogo zake, si kwamba amekubali. Mwambie Kanuni ya Adhabu inampa mwenye malezi ya msichana wa chini ya miaka 18, akisababisha akeketwe, kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili, na haimwachi mzazi aliyemtoa mtoto wake. Ila ukiona maneno yatafika kwa mama mkwe usiku uleule, msafirishe binti kwanza, mazungumzo yafuate.

Kuhusu laana, sikushangai, umekua ukiisikia. Lakini ulipookoka ulikiri kwamba Kristo ni Bwana, na ubwana wake haukomei mlangoni pa kikao cha wazee wa mila. Mwombe mchungaji wako aje nyumbani kwa mama mkwe, akae naye na kulisema hilo kwa heshima, wewe ukiwepo. Mchungaji anayehubiri ujasiri madhabahuni asikose nafasi ya ziara hiyo.

Januari binti atarudi, na ataitwa msagane kisimani na sokoni, pengine na rafiki zake wa jana. Hilo ndilo linalowarudisha wasichana wengi kwa ngariba kwa miguu yao wenyewe. Kanisa limpe wenzake wa kukaa nao, na wewe umwandae kwa kidato cha kwanza mapema.

Mwenzako wa maombi naye mwombe akusindikize Masanga. Mtaomba pamoja njiani.

Kabla ya yote, muulize binti mwenyewe anataka nini na ameambiwa nini na bibi yake. Akikwambia siku imeshapangwa, usingoje nauli wala ruhusa: piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo.