Karatasi ya Shefu Haitoshi, Mdogo Wangu

Wadogo zangu wa Kamina, ninyi mliopata lupango, yaani kiwanja, kwa jasho la kuuza mahindi, samaki, au kwa mshahara wa reli, leo tuzungumze bila kufichana. Wengi huniambia: "Yaya, karatasi ninayo. Shefu wa mtaa alitia sahihi, mashahidi walikuwapo, pesa nilihesabu mbele ya watu." Vizuri, itunze. Lakini karatasi hiyo inaonyesha tu kwamba mliuziana. Haijalifanya lupango kuwa lako.

Sheria yetu ya ardhi hapa Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali. Hata aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuutumia tu, na pengine hata hiyo hakuwa nayo. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, ile sertifika mnayoisikia. Nakala moja inabaki katika kitabu cha konservateri wa hati za ardhi, nyingine anapewa mwenye haki. Jina lililo katika kitabu kile ndilo sheria inalolijua. Mpango huu ulianza Australia ya Kusini mwaka 1858, kazi ya Robert Torrens, ukaletwa kwetu na wakoloni. Mkilipana na jina lisibadilishwe pale, mbele ya sheria lupango bado ni la yule yule. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Najua kwa nini mnaahirisha. Ofisi inatisha, gharama zinauma, na muuzaji ni ndugu wa kanisani. Unaona haya kumwomba hati kana kwamba humwamini. Mdogo wangu, haya hiyo imewalaza wengi nje. Umejenga, umepiga mabati, watoto wamezoea shule ya karibu, kisha muuzaji anafariki. Watoto wake wanakuja na sertifika ya baba yao, wewe una karatasi ya shefu. Au yeye mwenyewe ameuza mara ya pili, na mnunuzi wa pili akakutangulia kwa konservateri. Usilale hapo: sertifika ikishapita miaka miwili tangu itolewe, kwa kawaida haipingwi tena, na aliyedhulumiwa anabaki kudai fidia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franka moja, chukua namba ya lupango uende kwa konservateri. Uliza limeandikwa kwa jina la nani, na kama limewekwa rehani. Watu wa kadasta, wapimaji wa ardhi, waonyeshe mawe ya mipaka, si jirani kukuelekeza kwa kidole. Ukipewa kiwanja kipya na Serikali, unaanza na mkataba wa kupanga usiozidi miaka mitatu. Jenga ndani ya muda huo, ndipo uombe haki ya kudumu, ambayo sheria imewawekea Wakongomani peke yao. Wengi hupata ule mkataba, wakafurahi, wakausahau kabatini mpaka muda ukaisha. Mkataba si sertifika, tafadhali.

Na ninyi wadogo zangu wa kike, nawaonea uchungu zaidi. Mnachanga pesa ya matofali na bwana, jina linaandikwa lake peke yake, siku ya matanga mashemeji wanauliza funguo. Tangu sheria ya familia irekebishwe tarehe 15 Julai 2016, hudaiwi tena ruhusa ya mume ili ufanye mkataba. Mnatakiwa mkubaliane wawili. Basi kubalianeni mapema, mngali mnacheka pamoja, majina yote mawili yaandikwe. Mume anayekupenda hataona hilo kuwa tusi.

Kama umeshanunua na una karatasi ya shefu tu, usijichukie, mko wengi. Muuzaji yungali hai? Mfuate wiki hii, mshike mkono, mwende wote kwa konservateri mkabadilishe jina.