Kijana Mnyamavu Aendapo Chuo Kikuu

Kila mwaka, mvua za kwanza zikaribiapo Ufipa, vijana wetu kadha wa kadha hupanda basi pale Sumbawanga kwenda Mbeya, Iringa, Dodoma ama Dar es Salaam, kuanza mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu. Sharika huwaombea na kuwachangia nauli, nayo ni mema. Lakini katika hao yuko mmoja ambaye somo la mwezi huu lamhusu: yule asiyezoea kusema mbele ya watu.

Tumfikirie binti wa upande wa Laela. Amefundishwa kumwamkia mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi polepole, kungoja mpaka aulizwe, na kutomkazia macho mzee. Watu wa kwao humwita mtoto mwenye adabu, na kweli ndivyo alivyo. Basi asafiri zaidi ya kilomita 1,000, aiache baridi ya uwanda wetu, afike Mlimani, Dar es Salaam, penye joto na watu wengi. Huko ukimya ule ule uliokuwa heshima wasomwa vingine. Mhadhiri auliza, "Nani ana swali?" Binti analo, tena jema, lakini anyamaza, na mhadhiri adhani ameelewa. Katika semina, ambamo wanafunzi hugawanywa vikundi ili wajadili yaliyofundishwa, wenzake wadhani hakusoma. Hakuna aliyemdhulumu. Tendo ni moja, ila wasomaji wake wamebadilika.

Zamani kujificha kulikuwa kugumu. Chuo hicho kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wote hawakuzidi 14, nao walisoma sheria tu. Mwalimu aliwajua kwa majina. Leo mhadhara mmoja huweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mtu aweza kumaliza muhula mzima asitamke neno. Mwenye haya huona hii ni nafuu. Sisi twaona ndipo hatari ilipo.

Tena tusiisahau lugha. Mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Sekondari vitabu hugeuka kuwa vya Kiingereza, lakini mara nyingi mwalimu mwenye huruma hueleza tena kwa Kiswahili. Chuo Kikuu yampasa mwanafunzi kusikiliza, kuuliza na kubishana kwa Kiingereza. Wengi tunaowaita waoga hawaogopi watu hata kidogo. Waogopa kukosea neno mbele ya watu. Yafaa kuyapambanua haya mawili, maana huyu wa pili hahitaji kutiwa moyo tu. Ahitaji mazoezi. Na aandike swali lake kwenye karatasi kabla ya kuingia, sentensi moja tu, kisha alisome kama lilivyo. Asipoweza darasani, amwendee mhadhiri ofisini kwa saa zilizopangwa kwa wanafunzi. Katika semina aseme mapema, hata neno fupi. Kadiri angojavyo ndivyo hofu inenepavyo.

Jambo lililo zito kuliko masomo ni hili: mnyamavu huteseka bila watu kujua. Fedha za kujikimu zitokazo Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, huenda zikachelewa, ama jina likakosekana katika orodha. Mwenye maneno atakwenda dirishani siku ile ile, arudi kesho, aulize tena. Mnyamavu atarudi chumbani alale na njaa, akisema moyoni kwamba asiwasumbue wakubwa. Mwisho aacha kwenda darasani, kisha twaambiwa huku nyumbani kwamba mji umemharibu. Mji haukumfanya neno. Hakujua tu kwamba ofisi ya mshauri wa wanafunzi imewekwa kwa ajili yake, wala kwamba kuuliza huko si kukosa adabu.

Hata hivyo hatusemi kwamba ukimya ni ugonjwa. Wakulima wa Ufipa tangu zamani hufukia majani chini ya matuta ya mviringo, nayo huoza humo taratibu. Apitaye njiani aona udongo tu, lakini msimu ufuatao ndipo mbegu hula. Wako vijana wa namna hiyo. Msiwalazimishe kuwa wachekeshaji.

Ila ninyi wainjilisti na walimu mnaweza kuwasaidia kabla hawajaondoka. Wapeni kusoma mbele ya usharika, wapeni kutoa taarifa ya fedha za vijana, na mzee mmoja akubali kuulizwa maswali yao hadharani bila kukunja uso. (Wazee wengine hili litawauma kidogo, na wavumilie.) Tena mwambieni kijana kwamba afikapo aitafute jumuiya ya wanafunzi Wakristo, akaombe kazi, wala asingoje kupewa urafiki. Mwenye haya hushindwa kuingia katika mazungumzo ya watu wasimamao tu, lakini akipewa kupanga viti ama kugawa vitabu vya nyimbo, watu humjia wenyewe, naye ana la kuwajibu.

Na ninyi wazazi, mpigapo simu mwauliza, "Masomo yanaendaje?" naye hujibu, "Vizuri, mama." Jibu hilo halina habari ndani yake. Mwulizeni, "Leo umeongea na nani?" Wiki za kwanza huenda akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakuna mtu." Hapo msimkemee wala msimhubirie. Mpigieni tena keshokutwa, mkamwulize neno lile lile.