Shule Imesajiliwa, Kozi Je?

Mama mmoja anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, na kuuza dagaa wa chisense katika soko la Kashikishi ametuletea kilio chake. Binti yake alisomea ushonaji mwaka mzima katika shule ya binafsi wilayani Nchelenge. Ulipofika mtihani, jina lake halikuwamo kwenye orodha. Sasa mkuu wa shule anamwambia kwamba kozi haikuwa na kibali, serikali imeipiga shule faini, kwa hiyo fedha za kurudisha ada hazipo. Mama anauliza: ndiyo basi tena?

Siyo basi, mama. Faini ni deni la shule kwa serikali. Ada yako ni deni la shule kwako. Deni moja halifuti jingine, na mkuu wa shule analijua hilo vizuri kuliko anavyojifanya.

Wengi hunaswa kwa sababu shule hizi hazisemi uongo zinapodai kuwa zimesajiliwa. Ingia ofisini, utaona vyeti vimetundikwa ukutani: cha PACRA kinachoonyesha kampuni imeandikishwa, leseni ya biashara ya halmashauri, pengine na karatasi ya Wizara ya Elimu ya kuendesha shule ya msingi. Vyote halali. Lakini hakuna hata kimoja kinachoipa shule ruhusa ya kufundisha ufundi. Ruhusa hiyo hutolewa na TEVETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2005. TEVETA ndiyo inayosajili vyuo, kusimamia mitihani na kutoa cheti. Kuendesha mafunzo hayo bila usajili ni kosa la jinai.

Kuna mtego mwingine wa ndani zaidi. Shule inaweza kuwa na idhini ya useremala, kisha ikaanzisha uchomeleaji kwa kuwa vijana wanautaka. Idhini ya useremala haibebi uchomeleaji. Ukiuliza, utaambiwa “kibali kiko njiani.” Kibali kilichoko njiani si kibali, ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Tena angalia mlango unaobisha: uuguzi una Baraza lake la Wauguzi na Wakunga, na ualimu una Baraza la Walimu. Anayekuonyesha karatasi ya TEVETA ili amsajili mwanao kwenye kozi ya uuguzi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wakati wa kuuza kozi hizi umechaguliwa vizuri. Shule hufunguliwa Januari, katikati ya miezi ambayo uvuvi wa Ziwa Mweru umefungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Mzazi ana fedha kidogo, ana haraka, na chuo cha serikali kama kile cha Mansa kiko mbali. Shule ya jirani inampunguzia nauli, inamruhusu alipe kidogo kidogo, na kwenye kila risiti inagonga mhuri: “Ada hairudishwi.”

Mhuri huo usikutishe. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mteja, na hairuhusu mfanyabiashara kujivua wajibu kwa tangazo la ukutani. Aliyelipia kozi yenye cheti akapewa kozi isiyo na cheti hakupewa alichonunua. Andika barua ya madai kwa mkuu wa shule, taja kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipwa, na ubaki na nakala. Asipolipa, peleka risiti, fomu ya kujiunga na tangazo la kozi kwa tume ya ushindani, CCPC. TEVETA nayo ipelekewe malalamiko yake. Kama shule ilijua haina idhini na bado ikapokea fedha, hiyo ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na polisi hawana sababu ya kukurudisha nyumbani. Ukikwama, Bodi ya Msaada wa Kisheria ipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kuwa mkimbizi hakukuondolei haki hata moja kati ya hizi. Kudai ada yako si kosa.

Ninaowachoka ni maofisa wanaokuja kukagua, wakanywa soda ofisini kwa mkuu wa shule, wakaondoka huku darasa lisilo na idhini likiendelea dirishani. Faini si ya kupatana mlangoni. Ofisa akipokea chochote bila risiti ya serikali, hiyo ni rushwa, na inalipwa kwa ada za wanenu.

Lakini hata faini halali ina kasoro. Sheria za Zambia huandika faini kwa vipimo, na mwaka 2021 kipimo kimoja kilikuwa ngwee 30. Vipimo 10,000 vikisomwa mahakamani vinatisha, kumbe kwa hesabu hiyo ni kwacha 3,000. Mwenye shule hulipa na kuendelea na maisha. Fedha zinaingia hazina, mlango unafungwa, na binti aliyepoteza mwaka anaachwa ahangaike peke yake na dai lake. Adhabu inayomnufaisha kila mtu isipokuwa aliyeumizwa ni adhabu nusu. Wabunge walipaswa kuamuru zamani kwamba ada irudi kwanza, faini ifuate.

Mpaka watakapofanya hivyo, jilinde mwenyewe. Kabla ya kutoa kwacha ya kwanza, uliza TEVETA, siyo shule: je, kozi hii, kwa ngazi hii, mahali hapa, imeidhinishwa? Na muhula wa kwanza usiishe kabla mwanao hajapata namba yake ya mtihani. Akiambiwa asubiri, acha kulipa.