Somo la leo: Namna ya kuchagua visu vya jikoni kabla hujaweka mtaji wako

Mimi nipo Mtera, pale bwawani, Dodoma inapokutana na Iringa. Nina duka dogo la vyombo vya jikoni na nauza pia kwa WhatsApp na Instagram. Sijasomea biashara popote. Nilimaliza kidato cha nne, mengine yote nimefundishwa na hasara. Leo nawapa somo moja la hasara hiyo, ili nyie mlipate bure.

Huku kwetu kisu ni kitendea kazi. Kina mama wanapokea perege na kambale asubuhi, wanapaa magamba, wanatoa matumbo, wanakaanga na kuwauzia abiria wa mabasi ya Dodoma na Iringa. Nikasema hapa kuna soko. Nikachukua mkopo wa kikoba, nikapanda basi mpaka Kariakoo, nikabeba visu 60. Vinang'aa, boksi zuri, bei ya jumla 3,500 kimoja. Jumla 210,000, na kusafirisha 10,000. Nikaweka status: kisu kikali, 6,000 tu. Ndani ya siku nne nimeuza 38. Nikajua nimetoboa.

Wiki ya pili vikaanza kurudi. Kimoja kimepinda, kingine kina kutu, kingine hakikati hata nyanya. Halafu akaja mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, kiganja kimefungwa kitambaa. Mpini ulilegea akiwa anapasua kambale, mkono ukateleza mpaka kwenye makali. Nikamwamkia, nikamrudishia hela yake hapohapo. Akaniambia, "Mwanangu, elfu sita nimeipata. Na siku zangu je?" Alikaa wiki mbili bila kushika samaki.

Nilirudisha hela za visu 21, yaani 126,000. Piga hesabu: niliuza 228,000, nikabaki na 102,000, wakati niliweka 220,000. Hasara 118,000 na visu 43 ambavyo sikuthubutu kumuuzia mtu tena. Deni la kikoba lipo palepale. Na Mtera siyo mji mkubwa, ukiuza kitu kibovu Jumatatu, Jumatano hata ng'ambo ya Migoli wanajua.

Sasa basi, twende kwenye somo.

1. JUA CHUMA UNACHONUNUA

Kisu kinataka vitu viwili. Kaboni ndiyo inafanya chuma kikubali kukomazwa kwa moto, kikawa kigumu na kushika makali. Kromiamu inazuia kutu. Vikitengenezwa kwa uwiano mzuri, unapata kisu kizuri.

Angalia maandishi kwenye ubapa au kwenye boksi:

- X50CrMoV15 au 5Cr15MoV: kaboni karibu asilimia 0.5, kromiamu karibu asilimia 15. Hiki ni chuma kizuri kwa bei ya kati.
- 3Cr13: kaboni karibu asilimia 0.3, kromiamu karibu 13. Kinafaa kwa kisu cha bei ya chini, ila kitanolewa mara kwa mara.
- 18/10: hapa ndo wengi tunaliwa. Maana yake ni kromiamu 18 na nikeli 10. Ni chuma cha vijiko na sufuria. Kinang'aa sana, hakishiki kutu kirahisi, lakini hakikomazwi kwa moto, kwa hiyo makali hayakai.

Beba sumaku ndogo mfukoni. Ubapa usiponasa sumaku, uwezekano ni mkubwa kwamba hicho ni chuma cha kijiko, kiache. Ukinasa, usishangilie bado, kuna vyuma laini navyo vinanasa. Sumaku inakusaidia kukataa, haikuhakikishii kununua.

Visu vya wahunzi wetu vya spring za gari usividharau. Vina kaboni ya kutosha na vinakata kwelikweli. Shida ni kutu, kwa hiyo mwambie mteja akioshe, akikaushe, akipake mafuta kidogo ya kupikia. Ukimficha hilo, kitarudi.

2. ANGALIA MPINI KULIKO MNG'AO

Kilichomkata yule mama ni mpini. Nilipokivunja kile kisu nikakuta chuma kimeingia ndani ya plastiki urefu wa kidole kidogo tu. Chuma kinatakiwa kiingie ndani sana, ikiwezekana mpaka mwisho wa mpini. Kama kimebanwa na misumari, pitisha kucha kwenye maungio. Kucha ikizama, maji ya samaki nayo yatazama, na harufu na uchafu vitakaa humo.

Kwa wauza samaki chukua mpini wa plastiki wenye mikwaruzo, usioteleza mkono ukiwa na mafuta. Mpini wa mbao unapendeza kwenye picha, lakini ukiloweshwa kutwa nzima unapasuka.

3. NUNUA KIMOJA, KITESE

Usinunue dazeni siku ya kwanza. Nunua kimoja, rudi nacho nyumbani:

- Kiinue usawa wa jicho, angalia mgongo wake. Ukiwa umepinda, kirudi.
- Kata nyanya iliyoiva bila kukandamiza. Kisu kizuri kinaingia chenyewe kwenye ganda.
- Kata boksi gumu mara 20, halafu rudi kwenye nyanya. Kikianza kuteleza, makali yake ni ya dukani tu.
- Kilaze na maji usiku mmoja. Asubuhi kifute, tazama kutu.
- Shika mpini, sukuma ubapa kushoto na kulia. Ukisikia unacheza hata kidogo, achana nacho.

Hata majina makubwa yafanyie hivyohivyo. Tramontina ya Brazil, Kiwi ya Thailand na Victorinox ya Uswisi zinajulikana duniani, na jina linalojulikana ndilo linaloigwa. Ukikuta jina kubwa kwa bei ya maandazi, jiulize mara mbili.

4. USIUZE SETI, UZA KAZI

Ile seti ya visu sita kwenye boksi inavutia, lakini mteja anatumia viwili, vinne vinalala. Kwa bajeti ileile mpe viwili vizuri:

- Kisu kikubwa cha inchi 8, cha nyama, mboga na kabichi.
- Kisu kidogo cha inchi 3 mpaka 4, cha kumenya vitunguu, viazi na matunda.

Muuza samaki muongezee chembamba cha inchi 6 kinachopinda kidogo, kinafuata mifupa vizuri. Mwenye mgahawa muongezee cha meno kwa ajili ya mkate. Mwambie wazi: mifupa ni kazi ya panga au shoka la nyama. Kisu chembamba ukikigonga kwenye mfupa kinamegeka.

5. UZA NA KINOO

Hakuna kisu kisichoisha makali. Uza na kinoo chenye pande mbili, namba 400 na namba 1000, na umfundishe mteja. Simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, kisha kilaze nusu tena, halafu kidogo zaidi. Hapo upo kwenye nyuzi 20 hivi. Lowesha kinoo, noa kila upande idadi sawa, anza na 400 malizia na 1000. Na asikatie juu ya sahani au saruji, atafute kibao cha mbao.

6. ANDIKA UKWELI KWENYE TANGAZO

Siku hizi siandiki "kikali sana". Naandika urefu, aina ya chuma, mpini wa nini, kinafaa kazi gani na hakifai kazi gani. Video yangu ni moja bila kukatakata: boksi, kisha nyanya. Oda ya kwenda mbali navika makali kwa boksi, nabana kwa gundi ya karatasi, juu naandika KISU NDANI. Kondakta akikatwa na mzigo wako, utamwambia nini?

HESABU YA SASA

Mzigo uliofuata nilichukua 20 tu, kwa 9,000. Jumla 180,000, usafiri 8,000, kwa hiyo kila kimoja kimenisimamia 9,400. Nauza 14,000, napata 4,600. Mwanzoni watu walilalamika bei. Nikawaambia kinolewe bure kwangu mwezi mzima, na mpini ukilegea ndani ya miezi mitatu nabadilisha. Viliisha taratibu, wiki saba, lakini hakuna hata kimoja kilichorudi. Kikoba nimemaliza kulipa.

Kisu cha kwanza kwenye mzigo ule sikukiuza. Nilimpelekea yule mama kibandani kwake. Alikigeuzageuza, akaukwanyua mpini kwa nguvu zake zote, haukucheza. Ndipo akachukua perege.

Kazi ya leo: kabla hujaagiza mzigo, chukua kisu kimoja ulichonacho stoo ukipitishe kwenye vipimo vya namba 3. Kikifeli, usimuuzie mtu. Tunza somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza vyombo.