Maji ya Mgongo Hupimwa Pamoja na Damu

Wapo jamaa wanaomkataza mgonjwa wao kipimo cha maji ya uti wa mgongo kwa kuhofia kwamba sindano itampoozesha. Umbile la mwili lajibu hofu hiyo. Kwa mtu mzima, uti hukomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nayo sindano huingizwa chini zaidi, aghalabu kati ya ya tatu na ya nne. Kichwa huweza kuuma siku chache, hilo ni kweli. Maji yachotwayo ni machache, ilhali mwili hutengeneza takribani nusu lita kila siku.

Maabara hutafuta humo kingamwili. Kwa kuwa baadhi hupenya kutoka kwenye damu, mgonjwa hutolewa damu pia, na sampuli zote mbili hutenganishwa kwa umeme sambamba. Mistari ya kingamwili ikionekana kwenye maji pekee, basi imetengenezwa ndani ya ubongo au uti, ambako kinga ya mwili inapambana. Mistari hiyo peke yake haitaji ugonjwa: kaswende iliyofika ubongoni huileta, na hata kinga inaposhambulia ala ya mishipa ya fahamu. Ndiyo maana daktari huomba vipimo vingine.