Kuyanasa mawimbi ya mvutano: maswali na majibu

Mtafiti wa mawimbi haya hushinda akifanya nini?

Sehemu kubwa ya kazi ni kufuatilia kelele. Katika vituo vya LIGO vya kunasa mawimbi haya nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, miale ya leza husafiri ndani ya mabomba mawili yaliyoondolewa hewa, kila moja kilomita 4. Wimbi likipita, umbali kati ya vioo vinavyoirudisha miale hiyo huongezeka upande mmoja na kupungua upande wa pili, kwa kiasi kisichofikia hata sehemu ya elfu ya upana wa protoni. Kwa kipimo hicho, kila kitu ni kelele: upepo, treni, bahari iliyochafuka mbali. Hanford, kunguru waliokuwa wakidonoa barafu kwenye bomba walionekana kwenye data, na ilibidi watu watoke nje kuwatafuta.

Basi mnatambuaje wimbi la kweli?

Kunguru wa Hanford hawezi kudonoa Livingston, karibu kilomita 3,000 kutoka hapo; wimbi la kweli huonekana vituo vyote viwili. Tarehe 14 Septemba 2015 mtikisiko ulifika Livingston, kisha Hanford milisekunde 7 baadaye, ukiwa na umbo lilelile. Chanzo chake kilikuwa mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa takriban jua 36, jingine 29, yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hata hivyo dunia haikutangaziwa hadi 11 Februari 2016. Miezi yote hiyo ilikuwa ya kutafuta sababu ya kutoamini.

Ni kweli kwamba watafiti waliwahi kutegwa makusudi?

Ndiyo. Septemba 2010 kikundi kidogo kilichopewa jukumu hilo kilitikisa vioo kwa siri na kutengeneza ishara bandia. Wenzao walijua tu kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Wakachambua kwa miezi, wakaandika makala kamili, na Machi 2011 bahasha yenye siri hiyo ikafunguliwa mbele yao: ulikuwa mtihani. Nauheshimu mno uamuzi ule. Kumtaka mtu ajitahidi hivyo kwa kitu kinachoweza kuwa si chochote ni kumdai uaminifu mkubwa, na bila zoezi lile nisingeliamini tangazo la 2016 kwa wepesi.

Kijana aliye Dodoma au Kisumu aanzie wapi?

Fizikia, hisabati na kuandika programu. Data za LIGO zimewekwa wazi bure kwenye intaneti, ishara ya 2015 ikiwemo, pamoja na maelekezo ya kuichambua. Kompyuta ya kawaida inatosha.